Kochi Langu la Tatu ya Tano

Jumatatu, 3 Juni
Mama mkwe amehamia kwetu rasmi. Cherehani yake pia. Mke wangu katugawia ukuta wa sebuleni: kabati lake la vyombo nusu, cherehani ya mama theluthi, kinachobaki changu. Nikacheka kimoyomoyo. Hawajui wanaishi na bingwa wa hesabu! Nimejifungia chooni na penseli. Nusu ni moja juu ya mbili. Theluthi, moja juu ya tatu. Juu kwa juu: mbili. Chini kwa chini: tano. Wao wawili wamechukua mbili ya tano tu. Mimi tatu ya tano! Kochi! La kulala mtu mzima kajinyoosha.

Jumanne, 4 Juni
Kwa seremala. Nimempa urefu wa ukuta, atengeneze la tatu ya tano yake. Akauliza kama ukutani hapo kuna kitu kingine. Nikamwambia ashughulike na msumeno, hesabu aniachie mimi.
Mke wangu kaiona karatasi. Akauliza: kabati lake peke yake ni nusu ukuta, inakuwaje likiongezewa cherehani, jumla inakuwa chini ya nusu? Wivu huo. Nikamjibu hesabu ina mambo yake.

Jumatano, 5 Juni
Mazoezi ya kulala chali. Siku njema.

Alhamisi, 6 Juni
Kochi limefika. Zuri ajabu! Limeingia kwa kusukumwa, likagoma katikati ya sebule. Kabati huku, cherehani kule, katikati nafasi ya kuku kutagia. Nikamshuku seremala. Akapima: urefu ni uleule nilioagiza. Nikaushuku ukuta.
Mama mkwe akaacha kushona. "Mwanangu, hebu tuhesabu vigae."
Vya sakafuni, kando ya ukuta: kumi na viwili. Kabati limekalia sita. Cherehani vinne.
"Jumla?"
Kumi, mama.
"Vimebaki?"
Viwili, mama.
Akanieleza kwa upole: nusu na theluthi hazijumlishwi mpaka zikatwe vipande vinavyolingana. Nusu ni sita ya kumi na mbili, theluthi ni nne ya kumi na mbili. Ndipo unajumlisha za juu. Chini hapajumlishwi kamwe, pale panataja ukubwa wa kipande tu. Nikatikisa kichwa kukubali. Mkwe habishiwi. Seremala kaondoka na kochi akalipunguze.

Ijumaa, 7 Juni
Limerudi. Vigae viwili kamili. Pa kuegemeza mkono kulia, pa kuegemeza mkono kushoto, katikati nafasi ya tako moja. Lenzake linasubiri zamu. Mama mkwe kanishonea mto kwa vitambaa vilivyobaki. Nimekaa upandeupande, cherehani inanguruma, mke wangu anapanga sahani na kunicheka, chai i mkononi. Raha iliyoje!

Jumapili, 9 Juni
Nimeliona baraza! Maua ya mke wangu robo, viatu vya nyumba nzima theluthi, kwingine hakuna mwenyewe. Safari hii sidanganyiki, nimefundishwa nikafundishika. Chini hapajumlishwi! Kwanza vipande vilingane: kumi na mbili. Basi robo, moja juu ya kumi na mbili. Theluthi, moja juu ya kumi na mbili. Jumla mbili. Zangu kumi!
Nimempigia simu seremala. Kochi? Wapi! Kitanda. Cha watu wanne.