Mwavuli wa Mama Mkwe Waenda Angani

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Nimedharauliwa! Katika kikao cha klabu yetu ya roketi, Mwalimu mstaafu, mwenyekiti wetu, katangaza kwamba roketi kubwa itakayorushwa mbele ya mji mzima inatafutiwa mtu wa kukunja parachuti. Nikasimama. Nani mwingine? Mimi fundi cherehani, nakunja nguo za watu tangu sijaota ndevu. Na Kinyozi naye akasimama. Kinyozi! Mtu ambaye kazi yake yote huishia kufagiwa. Mwalimu kaamua tushindane Jumamosi: kila mtu na roketi yake ndogo, ndani yai bichi. Ambaye yai lake litatua zima, parachuti kubwa ni yake. Nimerudi nyumbani kutafuta kitambaa.

Jumanne, tarehe 4
Kitambaa kimepatikana. Mwavuli mweusi aliousahau mama mkwe hapa kwetu. Mwepesi, na mwenyewe yuko mbali. Nimeufumua, nimekata duara, nimepiga pindo, nimefunga kamba. Kazi safi! Mke wangu kauliza mwavuli wa mama yake uko wapi. Nimemjibu uko kwa fundi. Si uongo.

Jumatano, tarehe 5
Mwalimu kapita dukani kunielekeza. Eti parachuti ikunjwe bila kubanwa, ipakwe poda ya mtoto isigandane, na chini yake zitiwe karatasi za chooni ili baruti inayoisukuma nje isiiunguze. Poda! Karatasi za chooni! Nimevumilia kwa heshima ya mvi zake. Wakati wa kuondoka akaongeza kwamba Kinyozi anafanya mazoezi kila jioni. Roho imeniuma kweli.

Ijumaa, tarehe 7
Dawa yake nimeipata. Kila mteja aliyekuja kuchukua nguo nimemnong'oneza kwamba suti mpya haipendezi chini ya kichwa chenye msitu. Wote wameelekea kwa Kinyozi. Jioni nimechungulia: foleni hadi nje, jamaa jasho linamtiririka, parachuti yake imetupwa kitini kama tambara. Nimecheka mpaka mbavu zikauma.

Mimi nimekunja yangu kwa raha zangu. Nimeipiga pasi ya moto mdogo. Lakini kitambaa cha mwavuli kina kiburi, nikigeuka tu kinafunguka. Mbele yangu! Nimekipiga bandi, ule mshono wa kushikiza makunjo ya sketi mpya yasiharibike njiani. Kikatulia. Karatasi za chooni nimetia, nisije nikalaumiwa.

Jumamosi, tarehe 8
Aibu! Si yangu, yao. Kinyozi kafika amechelewa, nywele za watu begani. Kanyunyiza poda ya kunyolea, kaitumbukiza parachuti yake ovyo ovyo ndani ya roketi mbele ya macho yetu. Hata Mwalimu hakumkemea! Roketi ikapanda, baruti ikapiga, parachuti ikafunguka na kushuka taratibu. Yai zima. Kinyozi kalibusu. Mtu mzima!

Yangu ilipanda juu zaidi. Juu zaidi, narudia. Baruti ikapiga, parachuti ikatoka ikiwa imekunjwa vizuri kabisa. Ikabaki imekunjwa. Ikaja hivyo hivyo hadi chini, pwaa, miguuni pa mama mkwe, aliyekuja na mke wangu kuulizia mwavuli wake. Mvua ilikuwa imeanza kudondoka. Akapangusa yai kwenye kiatu, akakitambua kiraka cha mwavuli nilichomshonea mwenyewe mwaka jana, akauliza kwa upole kama huyu ndiye yule fundi.

Jumapili, tarehe 9
Nimelala kwenye kochi. Kinyozi kapewa kazi ya parachuti kubwa. Dhuluma tupu! Kitu kimeanguka kutoka mawinguni na hakuna kunjo hata moja lililosogea, wala hakuna aliyepongeza. Kosa ni la yai, lilikuwa na ganda jembamba.

Jioni Mwalimu, kwa kunihurumia, kaniletea parachuti kubwa nipige pindo. Kasisitiza pindo tu. Kinyozi ameshaikunja mara moja kwa majaribio, na ukunjaji wenyewe unatia kinyaa. Mji mzima uone vile? Nimeifungua, nimeipiga pasi, nimeikunja upya kitaalamu.

Na bandi nimeipiga. Safari hii kwa uzi wa kushonea viatu.