Nyuzi Thelathini na Nane Kitandani

Jumatatu, 22 Juni 1987

Baridi. Ukungu umeshuka tangu jana, na hapa Kilungu huwezi kuona choo cha jirani. Kwa kuwa jirani yangu ni Kilonzo, sioni hasara.

Habari kubwa! Shamba la kanisa kule mtoni, lile lenye maji mwaka mzima, linatafuta mtu wa kulilima. Pasta Nzuki alitangaza jana kwamba litapewa atakayeleta miche mia moja ya nyanya, hai, Jumapili ya tarehe 19 Julai. Alisema ni kipimo cha bidii, maana mwezi huu mbegu hazitaki kutoka ardhini. Tuliojiandikisha ni wawili tu, mimi na Kilonzo.

Nikishindwa, naenda Emali kubeba magunia ya vitunguu kwa shemeji yangu Mutunga. Nitamwita bosi. Mke wangu Mumbua atampikia wifi yake, mwenye mdomo mrefu. Mumbua amesema afadhali afe. Tumekubaliana kwa mara ya kwanza mwaka huu.

Kilonzo, mwalimu wa kwaya, ameshatengeneza kitalu mtoni na kukifunika kwa nyasi. Nyasi! Mimi nitajenga hema la joto ndani ya nyumba.

Alhamisi, 25 Juni

Hema limesimama. Fito sita, na mita nne za karatasi ya nailoni kutoka duka la Muktar. Liko juu ya kitanda chetu. Mumbua aliuliza tutalala wapi. Nikamwambia maswali kama hayo ndiyo yanayorudisha nchi nyuma. Tunalala sebuleni, kwenye mkeka.

Kitanda nimekichagua kwa hesabu. Hakuna mgeni mwenye adabu anayeingia chumba cha kulala cha mtu, kwa hivyo Kilonzo hataona kitu. Mikebe mia moja na ishirini imepangwa, mbegu zimo ndani.

Joto la kwanza: koroboi katikati ya hema. Baada ya dakika kumi nailoni ilikuwa na tundu la ukubwa wa sahani. Nimeliziba kwa plasta ya vidonda.

Jumamosi, 27 Juni

Leo sayansi imeingia nyumbani. Nimenunua kipimajoto sokoni, kile cha kuwekwa kwapani, kwa mchuuzi aliyeapa kwamba kimetoka ng'ambo. Namba zinaanza 35. Nimekiweka hemani na mstari wa fedha haukufika hata namba ya kwanza. Aibu.

Nimeamua tutafute 37. Ndilo joto la mtu mzima mwenye afya, na nyanya nayo ni kiumbe.

Nimeweka karai la mawe ya moto ndani ya hema. Chini ya kitanda, gunia la samadi mbichi ya mbuzi, nimeilowesha na kuichanganya na wishwa ili ichemke yenyewe. Juu, blanketi tatu. Kipimajoto nikakilaza kando ya mawe. Saa kumi na moja jioni nikakisoma: nyuzi 38!

Nilimwita Mumbua aje aone. Alisema chumba kinanuka.

Ijumaa, 3 Julai

Siku ya sita, bado 38. Haijashuka hata kidogo. Hema hili linashika joto kuliko nilivyotarajia, hata Jumatatu niliacha kuwasha moto wa mawe. Kuni za nini?

Mumbua anadai kwamba akikaa kando ya hema meno yanamgongana. Kisha akaniuliza, "Baba Ndunge, kule zahanati sista si hukitikisa kwanza?" Nilimjibu kwa upole kwamba chombo kinachofanya kazi hakitikiswi.

Maskini, mgongo unamsumbua. Umeanza Jumatatu hiyohiyo. Asubuhi, mchana na jioni namkuta akiingia chumbani na mawe ya moto kwenye karai. Anasema ni ya kukanda mgongo. Sijui kwa nini hawezi kuukanda sebuleni, lakini sikutaka kumchokoza mgonjwa.

Mbegu zimechipua! Nimehesabu themanini na tatu kabla ya chai. Nilicheza peke yangu chumbani, sioni haya kuandika.

Jumapili, 12 Julai

Miche mia moja na kumi na miwili! Kilonzo, nasikia, ana tisa. Baridi imemla.

Jumatano alikuja eti kuazima chumvi. Alinusa hewa kama mbwa. Akatazama moshi wa jikoni, akatazama Mumbua akipita na mawe, akaziona blanketi mlango wa chumba ulipofunguliwa, akauliza ni kitu gani kinachofunikwa blanketi na kupashwa joto mchana na usiku. Nikamwambia atajua siku ikifika. Akaondoka mbio, chumvi akaisahau.

Mahubiri ya leo yalikuwa makali sana. Pasta alimsema mtu anayeficha dhambi chumbani mwake akidhani kanisa halioni. Alikuwa akitazama benchi letu. Kilonzo alikaa nyuma yangu, basi nikainama kidogo ili Pasta amwone vizuri.

Alhamisi, 16 Julai

Siku ambayo nitawasimulia wajukuu.

Saa nne asubuhi waliingia uani Pasta Nzuki, Kilonzo, na mwenyekiti wa akina mama wa kanisa. Mwenyekiti huyo ni mama mkwe wangu. Nilijua wamekuja kunipongeza mapema. Nikatoa viti.

Kumbe! Hapa kwetu, kitu kilichofunikwa blanketi, kinachopashwa joto siku nzima na kutoa harufu ya uchachu, ni kimoja tu: kaluvu, ile pombe ya wazee. Kilonzo alikuwa amepeleka habari kwamba napika pombe chumbani. Pasta akasema, kwa huzuni, kwamba wangependa kuona kitanda changu.

Lakini mama mkwe haingii. Kwetu, mama hawezi kutazama kitanda ambacho mkwe wake analala na binti yake. Ni aibu isiyofutika. Alibaki nje chini ya dirisha, ameligeuzia mgongo, shuka kichwani. Pasta na Kilonzo wakaingia. Kilonzo ndiye aliyeng'oa blanketi.

Kisha sauti kutoka nje:

"Pasta, ni pombe?"

Pasta alijibu, "Ni nyanya, mama."

"Ziko ngapi?"

Pasta akasema ni nyingi tu, na kwamba pengine waende sasa.

"Zihesabu," alisema mama mkwe. "Nimeletwa kusimama dirishani kwa mkwe wangu kama mwizi wa kuku. Siondoki kabla hamjahesabu."

Walihesabu. Kilonzo alishika mikebe, mmoja baada ya mwingine, na Pasta akataja namba kwa sauti ili zifike nje. Mia moja na kumi na miwili! Sijawahi kusikia hesabu tamu kama ile.

Halafu hujuma. Kilonzo akaona kipimajoto, akakichukua, akakikung'uta mara tatu, akakirudisha hemani. Baadaye akakitazama na kusema hakifiki hata 35. Alikiua mbele ya Pasta! Walipokwenda nikakiweka kwapani dakika chache ili kupata nguvu. Kikarudi 37 sawasawa. Nimekirudisha kazini na hakijatetereka tangu hapo.

Wakati wa kuaga, mama mkwe alishika mikono ya Mumbua, akaitazama ilivyobabuka. Akamnong'oneza kitu, wakacheka wote wawili. Nadhani walikuwa wakinisifu, ila kwa adabu hawakutaka nisikie.

Jumapili, 19 Julai

Shamba ni langu! Pasta aliniomba radhi mbele ya kanisa zima. Kilonzo aliongoza wimbo wa kunipongeza, na hakuufikisha ubeti wa pili. Nimemwandikia Mutunga atafute mpagazi mwingine. Mumbua alilia kwenye benchi, nami nikalia. Nilimwambia hana haja ya kunishukuru.

Ijumaa, 7 Agosti

Miche ya kwanza imeshahamia mtoni na inanawiri. Hemani kuna mipya mia mbili, iliyochipua wiki iliyopita. Mumbua alikwenda kwa mama yake Jumatatu kupumzisha mikono. Kwa kuwa mgongo bila shaka umepona, mawe yake nimeyatupa nje, na blanketi nimezirudisha sebuleni.

Pasta ameniomba niwafundishe vijana wa kanisa. Nimeandaa masomo matatu: kununua kipimajoto, kukisoma, na kutokitikisa kamwe.

Leo Kilonzo amekuja, mnyenyekevu kabisa, kuuliza siri yangu. Nikamwonyesha kipimajoto. Akauliza kama siri si yale mawe ya Mumbua. Nilicheka mpaka nikakohoa.

Tangu jana miche yote imelala ubavu. Kipimajoto kinasema 37, kwa hivyo baridi haiwezi kuwa sababu. Nimezima taa na kufunga mlango taratibu. Mimea iliyokua kwa kasi namna hii lazima ipate usingizi.