Madumu Akataa Paneli za Bwawani

Asubuhi Obadia, tunayemwita Redio kwa kuwa hazimiki, alifika kijiweni kwa Rukaya mwuza kahawa, simu mkononi.

"Kesho mkutano! Halmashauri wanataka kutandaza paneli za sola juu ya bwawa letu. Zinaelea kwenye maboya, umeme wake unasukuma maji mpaka bombani."

Sabiri akatema kahawa. Huyu ndiye Madumu, mwuza maji wetu. Handeni ikikauka, yeye na punda wake ndio Mto Pangani wetu.

"Upuuzi! Mkapinge wote. Samaki watakosa jua."

"Samaki wanaota jua tangu lini, kaka?" akauliza Semboja, fundi baiskeli, Msambaa asiyekubali kitu. "Mimi nauliza, boya likipasuka ataogelea nani kuliziba? Diwani? Na huo umeme tutausikia tu. Nyaya zinapita juu ya paa langu kwenda Korogwe, ndani nawasha kibatari."

Madumu akapata nguvu. "Mwambie! Ng'ombe wakija kunywa wakakuta vioo vinawaka, watakimbia mpaka Kilindi!"

"Punguza chumvi, mzee," Redio akasema. "Kiangazi jua linakunywa bwawa lile kuliko sisi na mifugo yetu yote. Likipata kivuli, maji yanabaki. Na hakuna shamba la mtu linalochukuliwa."

"Kivuli hakitunzi maji! Nimeanza kuteka wewe hujazaliwa."

Rukaya akaacha kupepea mkaa. "Shemeji, lile pipa lako la akiba pale nyumbani, mbona umelifunika bati, na juu yake magunia?"

"Si jua litayakausha ma..."

Akajiziba mdomo. Kijiwe kikalipuka. Semboja alicheka mpaka akadondoka kutoka kwenye benchi.

"Chekeni!" Madumu akasimama. "Pipa ni langu, likijaa nakula. Bwawa likijaa mabomba yakatoa maji, mimi nile nini? Wanangu wanasoma kwa mgongo wa punda. Sasa hao punda niwachinje?"

Kicheko kikakatika. Hata Redio alizima.

"Hapo sasa umesema kweli," Rukaya akasema taratibu. "Kesho simama useme hivyo hivyo. Labda watakufikiria, wakupe hata ulinzi wa hizo paneli."

"Hivyo hivyo, mbele za watu?" Madumu akaokota fimbo yake, akaanza kuswaga punda. "Mwuza maji nani atamsikiliza? Kesho nasema natetea mazingira. Napigiwa makofi, na posho ya mkutano juu."