Vita vya Fyuzi Ndani ya Gari la Kulala

Sogeeni, enyi wake kwa waume, tulizeni watoto na mtege masikio, maana habari hii ni nzito, nayo yahusu fyuzi.

Palikuwa na dereva mstaafu, Jabali la Usukani, Mshinda Matuta, aliyenunua basi dogo kuukuu akaligeuza nyumba yenye kitanda, sinki na jiko la gesi. Humo alikusudia kumchukua mkewe wakamwone mjukuu wao wa kwanza, wala hakuwahi kuitamani safari kama alivyoitamani hiyo. Lakini mkewe alipoingia kuchemsha maji kwa birika la umeme alinusa plastiki ikiungua, akagusa ukuta nyuma ya sinki, akaukuta wa moto. Akashuka na mto wake kwapani.

"Mimi nitapanda basi la abiria," alisema. "Nataka nimbebe mjukuu nikiwa mzima."

Shujaa aliumia moyo, kwani siri aliijua. Fyuzi ilikuwa ikikatika kila birika lilipowashwa, naye akaizungushia karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, isikatike tena, akajisifu juma zima. King'ora cha moshi nacho, kwa kosa la kulia kila kitunguu kilipokaangwa, alikipokonya betri akaipa redio. Mtungi wa kuzimia moto ulikuwa hauonekani kwa suruali alizoutundikia.

Akasimama mlangoni, bisibisi juu, akanena: "Shuhudieni, enyi mapazia! Mimi niliyevuka mito iliyofurika, niliyeshuka milima bila breki, leo naingia vitani, na sitoki ila—"

"Zima swichi kuu kwanza," alisema mkewe.

Akazima swichi kuu.

Kisha akaingia chini ya sinki kwa tumbo, akapambana. Aling'oa ile karatasi, akamkuta adui mwenyewe: waya mwembamba, ganda limeyeyuka. Akauondoa, akavuta waya mnene, akaweka fyuzi halali, ndogo kuliko ukucha. Suruali zilihamishwa, mtungi ukapewa enzi kando ya mlango. Mwisho akaiendea redio, na hapo akaitegea sikio kwanza, kwa kuwa mpira ulikuwa unatangazwa na mpigaji penalti ndiyo kwanza anarudi nyuma. Akachomoa betri.

Mkewe akapanda, akarudisha swichi kuu, akawasha birika, akakaanga kitunguu. King'ora kikalia hata majirani wakatoka. Mkono wa shujaa ulipaa kuelekea betri, kwa mazoea ya zamani, ukasita hewani, ukashuka, ukafungua dirisha. Mkewe alibandika kiganja ukutani, akakiacha hapo mpaka maji yakachemka. Ukuta ulikuwa baridi. Akashuka, na shujaa akamchungulia dirishani.

Alirudi na mto wake.

Basi vizazi vyote na vikumbuke siku ile, fyuzi ilipokuwa fyuzi tena, na Jabali la Usukani akamwendea mjukuu, mkewe kando yake. Ile penalti, mpaka leo hajui kama iliingia.