Mikanda Mitatu Katika Kiangazi Kimoja

Leo nimevuliwa nguo mbele ya watu, na nilikuwa nimevaa ovaroli. Nawaandikia mwenyewe kabla Athumani hajaingia kundini na kuwasimulia kwa ile sauti yake. Alikuwepo. Aliona yote. Na Athumani akipewa kisa cha dakika tano hukifanya cha saa nzima.

Kwa wale wapya humu: mimi ni Swaleh, mtu wa Mombasa, sasa mtu wa Irving, Texas. Napakia mizigo uwanja wa ndege. Naingia saa kumi alfajiri, natoka saa saba mchana. Nimepanga nyumba ya kona, na kwa kuwa ni ya kona ina ua, na kwa kuwa ina ua nina mashine ya kukatia nyasi. Zile za kupanda, unakaa juu yake kama dereva wa trekta. Mke wangu Zainabu yuko Houston tangu mwezi wa nne. Binti yetu Rukia alijifungua, wanakaa hukohuko, mtaa wa Sharpstown, na mama yake akaenda kumsaidia kwa wiki sita. (Wiki sita za Zainabu hazimo kwenye kalenda mnayoijua ninyi. Tuko mwezi wa nane.)

Sasa mashine. Chini yake kuna visu, na visu vinazungushwa na mkanda wa mpira unaopita kwenye puli, vile vigurudumu vyake. Mkanda mmoja unatakiwa ukae misimu miwili, hata mitatu. Wangu wa kwanza ulikatika mwezi wa sita. Nikasema sawa, umezeeka. Wa pili ukakatika mwezi wa saba. Wa tatu umekatika Jumatatu hii. Pembeni umetoka nyuzi kama mkeka uliotafunwa na panya, upande wa ndani unang'aa kama kiatu cha bwana harusi, na unanuka mpira ulioungua.

Mimi si mtu wa kukimbilia fundi. Nilitazama video. Nikalala chini uani, joto la Texas mgongoni na siafu shingoni. Nikazungusha puli moja moja kwa mkono na kusikiliza. Nikazitikisa nione kama zimelegea. Moja ilikuwa inakwaruza, nikaibadilisha beringi. Nikaangalia springi inayouvuta mkanda. Nikahakikisha mkanda umepita ndani ya vile vyuma vinavyouzuia usichomoke. Kila kitu sawa. Basi nikatoa hukumu: mikanda ni feki.

Mtakumbuka nilituma ujumbe wa sauti hapa, dakika sita, kuhusu dunia ilivyooza. (Samahanini. Ufuteni.)

Zainabu hakukubaliana nami. Nilipomweleza kwa simu alisema taratibu, "Baba Rukia, pengine unauweka vibaya."

Neno hilo liliniingia. Mimi ndiye niliyemtengenezea cherehani yake mara nne. Mimi ndiye niliyefufua friji ya mama yake. Leo mkanda wa mpira ndio niuweke vibaya? Nikaamua: nitaipeleka mashine kwa Deo, na Zainabu atasikia kwa masikio yake fundi akisema mimi sina kosa.

Deo ni Mrundi, anatengeneza mashine ndogondogo kwenye gereji ya nyumba yake. Fundi hasa, mtu wa maneno machache. Mkewe, Mama Goreti, hupika mlango wa jikoni ukiwa wazi kuelekea gereji, kwa hiyo ukienda kwa Deo unasikia harufu ya maharage na petroli kwa pamoja, na baada ya muda hujali tena ipi ni ipi.

Leo nilipotoka kazini Athumani akaja na pikapu yake. Tukapandisha mashine kwa mbao mbili. Mikanda yangu mitatu niliitia kwenye mfuko, ushahidi kamili, kama mtu anayekwenda mahakamani. Njiani nilimwambia Athumani maneno yote nitakayoyasema. Aliitikia tu, "Naam." (Athumani akisema "naam" mara tatu mfululizo ujue hasikilizi.)

Tulipofika nikampigia Zainabu simu ya video. Nikaisimamisha simu juu ya meza ya Deo, nikaiegemeza kwenye kopo la grisi, ili aone vizuri. Alikuwa jikoni kwa Rukia, mtoto amelala begani.

"Unanionyesha nini?" akauliza.

"Subiri," nikamwambia. "Msikilize fundi."

Nikaimwaga mikanda mezani. Nikahutubia. Nikasema kuhusu viwanda, kuhusu uaminifu, kuhusu mteja kudharauliwa. Mama Goreti akatoka na mwiko mkononi asikilize vizuri. Deo aliokota mkanda wa kwanza, akauvuta, akaunusa. Wa pili. Wa tatu. Akavua saa yake, akaingia chini ya mashine.

Alikaa huko muda mrefu. Nikamwona anapitisha kidole, anakitazama, anapitisha tena.

"Puli ziko sawa," akasema kutoka chini.

Nikaitazama simu. Nikamwinulia Zainabu nyusi.

"Springi iko sawa. Mukanda, mzee, uliuweka muzuri kabisa."

Nikainua nyusi zote mbili na mikono.

"Na mukanda wenyewe ni muzuri. Haiko feki."

Hapo nyusi zikashuka kidogo. Deo akatoka, akajifuta mikono, akanionyesha kidole chake. Kilikuwa cheupe.

"Mzee, hii ni vumbi. Chini ya mashine ya nyasi siku zote mi nakuta nyasi. Zimeganda, zimeoza, inabidi nikwangue. Hapa hakuna jani hata moja. Na visu vyako vimekuwa kama vijiko. Wewe unakata nini?"

"Nyasi," nikasema.

"Wapi? Mvua haijanyesha tangu mwezi wa sita."

Ni kweli. Ua wangu una rangi ya mkate. Nilikuwa natafuta jibu lenye heshima wakati Deo alipoinama mbele ya usukani. Kuna kimita kidogo pale, kinahesabu saa ambazo injini imewaka. Kilikuwa kimejaa vumbi. Akakifuta kwa kitambaa. Akasoma. Akakifuta tena. Kisha akainua kiti cha mashine, akachungulia chini yake.

"Mwezi wa nne nilikubadilishia oili," akasema. "Mi naandikaka masaa hapa kwa kalamu. Angalia. Mia tatu na kumi. Leo iko mia tano na sitini."

Kuna hesabu ambazo watu wanazifanya kimya kimya, unawaona midomo inacheza. Mama Goreti alitumia vidole.

"Nina muteja anakata makaburi ya kanisa," Deo akaendelea. "Makaburi yote, na uwanja wa shule. Hajafika hata nusu. Kiwanja chako, mzee, ni kikubwa namna gani?"

Nikafungua mdomo. Athumani, ambaye njia nzima hakuwa anasikiliza, akachagua wakati huo kusikiliza.

"Kiwanja gani?" akasema. "Ua wa Swaleh ni kama ukumbi wa harusi ndogo. Dakika arobaini umemaliza, pamoja na kunywa maji."

Deo akanitazama. Si kwa ubaya. Alinitazama kama daktari anayeona karatasi ya vipimo na mgonjwa bado anasema hajambo.

"Sasa masaa haya yote ulikuwa unaenda wapi?"

Jamani, ningeweza kudanganya. Ningeweza kusema nawakatia majirani. Lakini nilikuwa nimeamka saa nane na nusu usiku, jua limenipiga, na uongo unahitaji mtu aliyelala vizuri.

"Siendi popote," nikasema. "Nakaa tu."

"Unakaa wapi?"

"Juu yake. Naipeleka chini ya mti, nakaa."

"Imewaka?"

"Imewaka."

"Na visu?"

Nikatazama sakafu. "Navifungulia. Bila visu sauti yake ni nyembamba. Ikiwa na visu inajaa."

Mwiko wa Mama Goreti ulianguka. Athumani alijigeuza ukutani, mabega yanatikisika. Deo mwenyewe, ambaye sijawahi kuyaona meno yake, niliyaona yote. Kumbe nilikuwa nausaga mkanda kila mchana, kwa muda wa saa mbili nzima, mashine imesimama mahali pamoja inajipulizia vumbi kama kuku anayeoga. Puli zikala vumbi, vumbi likala mkanda, na mimi niko juu nimekunja mikono kama sultani.

Nilicheka nao. Mtu afanye nini? Nilicheka mpaka nikakumbuka simu.

Zainabu hakuwa anacheka. Alikuwa amemlaza mtoto, amekaa, uso wake umejaa kioo kizima.

"Baba Rukia."

"Naam."

"Kila nikikupigia nasikia ile mashine. Ulikuwa umekaa chini ya mti?"

"Siku nyingine nilikuwa naendesha," nikasema. (Najua. Hata mimi nilijisikia nikisema.)

"Nakuuliza, mbona hukuizima ukaongea na mimi?"

Watu waliacha kucheka. Athumani aligundua ghafla kwamba pikapu yake inahitaji kuangaliwa matairi. Deo na Mama Goreti wakaingia jikoni. Nikabaki na kopo la grisi na uso wa mke wangu.

Nikamwambia ukweli, kwa sababu mita ilikuwa imeshasema nusu yake. Nilimwambia kwamba siku ya kwanza nilikuwa nakata nyasi kweli. Nikamaliza, nikautazama mlango wa nyumba, nikafikiria kuingia ndani. Sikupata sababu. Ndani mna friji inayonguruma na sahani moja. Nikazunguka ua mara ya pili. Kesho yake vilevile. Na yeye alipopiga akasikia kelele akasema, "Una kazi nyingi, mashallah," kwa sauti ya mtu aliyeshusha pumzi. Nikaona ni vizuri. Akidhani nina shughuli, hatakuwa na wasiwasi, atakaa na mjukuu kwa raha. Tangu hapo ikikaribia saa yake ya kupiga, naiwasha.

Simu ikageuka, nikaona dari na feni inazunguka. Niliitazama ile feni muda mrefu. Kisha uso ukarudi, macho mekundu.

"Mimi nikisikia hiyo mashine nakata simu upesi nisikuchoshe," akasema. "Rukia anarudi kutoka kazini kwake jioni. Mtoto analala. Nakaa hapa jikoni tangu asubuhi, dirishani naona magari ya watu. Sina wa kusema naye. Nasema, mwenzangu ana kazi zake, kanisahau kidogo, si kitu."

"Nikusahau wewe?"

"Sasa ningejuaje? Nasikia injini tu."

Nikamuuliza, kwa sauti ndogo, kwa nini hakuniambia niende. Nina siku za likizo sijazigusa tangu mwaka uanze.

Akanitazama kama nimemtukana mama yake. "Nikualike? Mume wangu nikualike kwa binti yako kama mgeni?"

"Sikutaka kuwabana. Chumba chenyewe kimoja."

"Swaleh," akasema. Akiniita kwa jina, bila Baba Rukia, ujue mazungumzo yamekwisha. "Ijumaa ukitoka kazini njoo."

"Na nyasi?" nikauliza. Sijui kwa nini. Mdomo una mazoea yake.

Hapo ndipo alipocheka. Alicheka mpaka mtoto akaamka, na mtoto akaanza kulia, na Zainabu anacheka na kumbembeleza kwa pamoja, na simu ikaanguka kifudifudi, nikabaki nasikia kelele tu za nyumba yenye watu. Sikukata. Nilisimama pale nikasikiliza mpaka aliporudi kuniaga.

Mama Goreti alitoka na sahani ya maharage na ndizi, akaiweka juu ya mikanda yangu mitatu bila kuuliza. "Kula, mzee," akasema. "Na siku ingine ukisikia nyumba imenyamaza, kuja hapa. Watoto wangu watano. Utatafuta mahali pa kimya ukose." Nilikula yote. Athumani naye, ambaye matairi yake yalikuwa mazima, alikula yote pia.

Nilipoomba mashine yangu Deo alikataa. Amechukua ufunguo, ametia mfukoni. Anasema atafunga mkanda mpya, atanoa visu, atasafisha puli, na nitaichukua nikirudi kutoka Houston, si kabla. "Na utakuja na mama," akasema. "Yeye ndiye nitampa ufunguo." Sijui mashine imeandikishwa kwa jina la nani siku hizi.

Kwa hiyo niko nyumbani sasa, jua bado liko juu, ua umenyamaza. Jirani wa mkono wa kulia, mzee ambaye kwa miaka miwili tumepungiana mikono tu, amekuja kwenye uzio dakika kumi zilizopita kuniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia hapana, mashine iko kwa fundi. Akasema, "Asante Mungu," kisha akaona haya, akasema alikuwa na maana ya afya yangu. Tumeongea kidogo. Kumbe naye mkewe alifariki mwaka juzi, na mchana hulala, au alikuwa akijaribu kulala.

Basi ndiyo hivyo. Nimejifunza kwamba mkanda haukosei, na kwamba mtu akitaka kumwambia mkewe amemkumbuka, atumie mdomo, maana injini hueleweka vibaya. Mnaotaka kunicheka nimewapa mpaka Ijumaa saa saba mchana. Baada ya hapo niko barabarani kwenda Houston, na simu yangu haitasikia mtu mwingine isipokuwa Zainabu.