Dume kwa Jenereta

Stanslaus alikuwa dukani Kenyamonta akinywa soda alipomsikia mama mmoja akilalamika kwamba umeme umekatika tena na maziwa yake yameharibika kwenye friji. Watu wote walimpa pole. Stanslaus alimpa kiti.

"Shikamoo mama. Mimi ni mtaalamu wa umeme wa dharura."

Kwa kweli alikuwa mtaalamu wa dharura nyingi, hasa zile za kuondoka haraka. Mama akamwitikia na kujitambulisha: Waisiko, muuguzi mstaafu, mjane, anaishi nyumba ile ya bati jekundu. Stanslaus akaitazama nyumba, akatazama zizi, na macho yake yakagota kwa dume moja jeusi lenye baka jeupe kwenye paji la uso.

Dume lilikuwa na maana kwake. Ametoka Mwanza, akampenda binti wa Itiryo anayeitwa Naomi, na baba yake Naomi, mzee Mokami, hakuwa na maneno mengi: mahari imebaki dume moja, mwisho Jumamosi. Lisipofika, kuna mwalimu anayesubiri mlangoni na ng'ombe wake kamili. Ng'ombe wengine wa mahari Stanslaus alishawapata, kwa njia ambazo hatutazitaja mbele za watu.

"Hela yako siitaki, mama," alisema. "Hela inaleta maneno. Nipe lile dume, nikufungie jenereta ya kuendesha nyumba nzima, na ufundi juu yangu."

Mama Waisiko akakubali upesi mno, jambo ambalo tapeli mwenye akili angelitilia shaka. Stanslaus alijihesabu mwenye akili kuliko hao.

Asubuhi ya kesho yake akaja na pikapu ya kukodi yenye viti vya nyuma. Wanaume wawili waliishusha jenereta ya buluu huku wakiguna, wakaiweka nyuma ya nyumba. Akaiwasha. Friji ikanguruma, pampu ikavuta maji, pasi ikapata moto. Majirani wakapiga makofi, na Stanslaus akainamisha kichwa kama mchungaji baada ya mahubiri.

"Na moshi utakwenda wapi, mwanangu?" mama aliuliza.

"Nje, mama. Moshi wetu una adabu."

"Na umeme wa nguzo ukirudi ghafla?"

"Ndiyo kazi ya swichi hii. Inachukua mmoja, inamwacha mwingine. Kama mume mwenye akili."

Mama akacheka. "Na dume langu unalipeleka wapi?"

Hapa mdomo ulimponza. Angeweza kusema mnadani. Lakini mtu aliyependa hujisikia.

"Itiryo, kwa mzee Mokami. Naoa huko."

Mama Waisiko akajifunga kanga upya. "Itiryo ni mbali," alisema. "Kula kwanza." Akaingia jikoni kusonga ugali.

Baada ya kula, mama alipokwenda zizini, Stanslaus akafanya kazi yake halisi. Ile jenereta nzito ilikuwa na magurudumu. Akaisukuma mpaka kwenye pikapu, akaipandisha kwa ubao na kuifunga mkanda kiti cha nyuma kama abiria. Mahali pake akaweka nyingine aliyokuwa ameificha garini, yenye ganda lile lile la buluu, ila ndani mna kijiinjini cha kuwasha taa tatu na kuchaji simu. Hiyo aliibeba mwenyewe, mikononi, kama mtoto.

"Usiiwashe mpaka kesho, mama," alisema huku dume likipandishwa. "Injini ikishafungwa lazima ilale usiku mmoja."

"Ilale?"

"Ilale, mama. Ndiyo utaalamu."

"Haya. Basi na wewe lala kwa jirani. Barua ya mwenyekiti wa kijiji ya kusafirisha ng'ombe utaipata asubuhi."

Asubuhi! Asubuhi ndiyo saa ambayo hakutaka imkute Kenyamonta. Tena barua ya nini? Yeye amekulia mjini, ng'ombe amemzoea kwa kilo.

"Usijisumbue, mama. Mimi naaminika."

Maskini. Huku mtu anaweza kusamehewa kutembea bila kitambulisho, lakini si bila barua ya ng'ombe. Alipofika Busawe alikuta gogo limelazwa barabarani, na nyuma yake sungusungu saba, walinzi wa kijiji, na marungu.

"Wewe mura, kijana, shuka," alisema kiongozi wao, Nikodemo. "Ng'ombe wa nani?"

"Wangu. Nimebadilishana na jenereta."

"Barua?"

"Nimeiacha."

"Wezi wote huwa wameiacha."

Stanslaus, jasho likimtoka, akampigia Mama Waisiko na kuweka sauti kubwa. "Mama, waambie hawa ndugu zangu kwamba dume ni langu!"

"Dume ni langu bado," sauti ilijibu taratibu. "Barua ninayo hapa mkononi, iliandikwa tangu jana. Nikodemo, najua ni wewe hapo gogoni, mrudishe aje kuichukua. Jenereta yake nimeiamsha na imekataa kuamka."

Wakamrudisha pamoja na dume. Nikodemo akawasha jenereta na kuchomeka friji mbele ya watu. Kile kijiinjini kikakohoa mara mbili, kikafa.

"Asubuhi wanaume wawili waliguna kuishusha," alisema Mama Waisiko. "Mchana nikakuona umeibeba kama mtoto. Mwanangu, nimewasha jenereta ya zahanati miaka kumi na tisa, chanjo zikiwa ndani ya friji. Hakuna injini inayolala. Sasa chagua: uifunge ile ya kweli, au uende kituoni ukaitwe mwizi wa ng'ombe."

Stanslaus aliogopa, tena waziwazi. Akafunga ile ya kweli, na safari hii kwa uaminifu: akaichimbia msingi, akaelekeza bomba la moshi mbali na dirisha la chumba cha kulala, akashindilia waya wa ardhini. Jua lilipoinama friji ilikuwa inanguruma.

"Basi mama," alisema kinyonge, "mimi nimetimiza. Nipe dume."

Mama Waisiko alikuwa anapiga simu.

"Mokami? Ni mimi, dada yako. Mkwe wetu mtarajiwa yuko hapa kwangu. Ameniletea jenereta nzima, haki ya shangazi wa binti, nimeipokea kwa mikono miwili." Akasikiliza. "Dume lako? Hapana, hilo bado hajaleta. Jumamosi si bado?"

Akakata simu, akafungua friji, akammiminia Stanslaus maziwa kikombe kizima.

"Kunywa, mkwe. Ni ya baridi."