Mapazia ya Vyumba Kumi na Viwili

Jumatatu, 3 Machi
Kitambaa kimepanda tena! Wiki jana kilipanda, wiki hii kimepanda juu ya kupanda. Nimemuuliza muuza vitambaa kulikoni. Akainua mabega, akasema ni dunia. Dunia! Kama vile dunia iliingia dukani kwake ikabandika bei mpya kwa mkono wake.

Nilitaka pamba laini ya maua tu, nianze mfarishi wa viraka wa mjukuu. Binti yangu atajifungua mwisho wa mwezi. Mjukuu wa kwanza! Tangu nistaafu ukarani wa posta nimejifunza kazi hii: unaunga vipande vidogo vya vitambaa, unatandaza pamba katikati, unashindilia mishono. Daktari alinishauri nitafute shughuli ya kukaa na kutulia. Kutulia! Hajui bei ya kitambaa.

Na nimeshatamba mbele ya ukoo mzima kwamba mtoto atafunikwa na kazi ya mikono ya babu yake. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alicheka kwa pua. Ana sanduku zima la vitambaa alivyonunua enzi za bei nafuu. Keshaanza mfarishi wake.

Nimerudi na uzi tu. Mke wangu kasema ninunue blanketi la dukani, yaishe. Blanketi! Ndoa yote hii na bado hanijui.

Jumanne, 4 Machi
Nimekwenda kwa fundi cherehani kuomba makombo. Zamani alikuwa akiyafagia nje. Leo yamefungwa kwenye mifuko, na kila mfuko una bei! Kasema watengeneza mito wanayagombania. Nikamkumbusha kwamba tunafahamiana tangu hana hata mkasi. Kasema ndiyo maana ananiruhusu kuchagua mfuko.

Nimetoka nimefura. Nikapita duka la mapazia. Pale dirishani, kitabu cha sampuli! Vipande kwa vipande, kila kimoja ukubwa wa kiganja, kingo zimeshonwa zisifumuke. Viraka vilivyokwisha kukatwa! Na ni vya bure. Ila wanapewa wateja wakubwa, wenye madirisha mengi. Mimi ninayo matatu, moja halifunguki.

Nimepata wazo. Sitamwambia mtu.

Jumatano, 5 Machi
Suti. Tai. Viatu nilivyoagwa navyo kazini. Nimeingia duka la mapazia nikatangaza kwamba nafungua nyumba ya wageni.

Mwenye duka wanamwita Mama Mapazia. Akanivutia kiti, akaniita bosi. Miaka yote ya posta sikuwahi kuitwa bosi! Akauliza vyumba vingapi. Hilo sikulifanyia mazoezi. Nikasema kumi na viwili. Akauliza na ukumbi? Nikasema mbona, kumbi mbili. Ulimi ulikuwa umeshika kasi, breki hakuna.

Nimetoka na mfuko wa sampuli umejaa pomoni! Buluu, kijani, dhahabu, maua ya kujaza kiganja. Akaomba namba ya simu. Nikampa. Kwa nini nilimpa? Mazoea ya ukarani. Ukiulizwa namba, unatoa namba.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeshona tangu asubuhi. Vitambaa vya mapazia ni vigumu kama ngozi ya kiboko. Sindano tatu zimekatika, kidole kimetoboka. Lakini rangi zake! Nimekaa nikizitazama kwa furaha.

Shemeji akaja kutembea. Akaubonyeza mfarishi kwa vidole viwili. Akauliza kama mtoto ataulalia au ataufutia miguu.

Kabla sijamjibu, simu ikalia. Mama Mapazia! Nikakimbilia bafuni, nikafunga mlango. Shida ni kwamba sikio langu moja limechoka, kwa hiyo kwenye simu napayuka. Nilipotoka, shemeji alikuwa amekaa wima, macho yamemtoka. Kasema hongera. Kasema hakujua kwamba nina vyumba kumi na viwili.

Ijumaa, 7 Machi
Mwanamke yule ni redio! Kufika adhuhuri ukoo mzima una habari. Mpwa wangu kaja kuomba kazi ya ulinzi. Binamu kaja kuomba jiko, na aproni kaja nayo. Kaka yangu, ambaye hajakanyaga hapa tangu tugombanie ngazi, kaja kunikumbatia. Kasema damu ni damu. Kisha akauliza nani atakuwa meneja.

Mke wangu alingoja mpaka walipoondoka. Akaniuliza, taratibu kabisa, pesa za vyumba kumi na viwili zimetoka wapi, na paa la jikoni linavuja mpaka tunakinga ndoo. Heri angefoka. Mke wangu akiongea taratibu, nywele zinanisimama.

Ningeweza kusema kweli pale pale. Nikasema ni mapema mno kulizungumzia.

Jumamosi, 8 Machi
Siku ya balaa.

Mama Mapazia kaja nyumbani, tepu ya kupimia shingoni. Nani kamwelekeza? Shemeji, bila shaka, na kamsindikiza mpaka mlangoni! Anataka kupima madirisha. Nikasema nyumba bado inajengwa. Akasema vizuri, twende huko inakojengwa.

Mwisho wa barabara yetu kuna jengo la ghorofa, halijapakwa rangi. Sijui la nani. Nikawaongoza pale kwa mwendo wa kibosi. Mama Mapazia akapanda ngazi, akaanza kupima. Mimi chini, mikono nyuma, naelekeza. Nakiri, kwa dakika chache nililipenda jengo langu.

Msimamizi wa mafundi akatokea. Akauliza sisi ni akina nani. Shemeji akamjibu, kwa madaha, kwamba mwenye jengo ndiye huyu hapa.

Msimamizi akanitazama kama mtu aliyemwona maiti akipiga chafya. Kisha akageuka, akapaza sauti: "Jamani, shukeni! Tajiri amepatikana!"

Wakashuka. Wengi! Na makoleo yao. Hawajalipwa mishahara miezi miwili, na tajiri wao hapokei simu. Mmoja kanishika tai.

Nikasema yote. Mjukuu, mfarishi, bei ya vitambaa, madirisha matatu. Yule wa tai akaiachia, akanipangusia vumbi begani. Huruma ile iliniuma kuliko kipigo.

Mama Mapazia akashuka ngazi. Kasema anataka sampuli zake zote kesho kutwa. Safari hii hakuniita bosi.

Jumapili, 9 Machi
Kufumua. Mshono baada ya mshono. Kazi ya kushona ni ngumu, kufumua ni adhabu.

Mke wangu akakaa kando yangu, akachukua mkasi mdogo, akaanza kufumua upande wa pili. Mwishowe akasema, "Vyumba kumi na viwili?"

Nikasema ndiyo.

"Ungesema vitano, hata mimi ningekuamini."

Akacheka mpaka mkasi ukamdondoka. Nami nikacheka, ingawa sikuona kinachochekesha.

Tulikuwa hatujamaliza simu ikalia. Binti yetu kajifungua! Kabla ya siku zake, lakini salama. Msichana.

Jumatatu, 10 Machi
Hospitali. Shemeji alishafika, na mfarishi wake umeshatandikwa. Laini kama wingu, kila pembe imekutana na mwenzake. Nilitafuta kosa. Sikuona. Inaudhi!

Wakanipa mtoto. Mwepesi, wa moto, amekunja uso kama mteja aliyepotelewa na kifurushi. Akanishika kidole kile kile kilichotobolewa na sindano. Machozi yakanilenga. Shemeji akaninong'oneza, "Vipande vimenibakia, shemeji. Njoo uchukue, umshonee wa pili." Mbele ya mke wangu! Msaada! Nikamshukuru, nikasema sihitaji.

Tukapita duka la mapazia kurudisha sampuli. Mama Mapazia akainua moja kwenye mwanga. Matundu matupu, kama chujio. Kasema nisikanyage tena pale maisha yangu yote.

Nimekaa nimetafakari kosa langu kwa unyenyekevu. Nimeliona. Nyumba ya wageni lazima iwe mahali, na mahali hupimwa. Hapo ndipo nilipokosea, basi.

Ng'ambo ya soko kuna duka la vitambaa vya makochi. Sampuli zake ni kubwa zaidi. Kesho navaa suti. Nitasema nina meli ya abiria. Iko baharini. Nani ataifuata na tepu?